Kutoka Nyambene Hadi Mogadishu: Safari ya Jani Lisilongoja

Mtu akitandaza ramani ya Kenya mezani, akaweka rula kutoka Embu mpaka Meru, ataona kwamba miji hiyo miwili haikuachana kwa umbali mkubwa. Kwa msitari ulionyooka ni karibu kilomita 70, yaani maili 40 na kitu. Eropleni ndogo ingeimaliza safari hiyo kabla abiria hajamaliza kusoma gazeti lake. Lakini watu wa Embu na Meru hawaendeani kwa rula. Barabara yao hupita chini ya Mlima Kenya upande wa mashariki, ikashuka mtoni, ikapanda, ikapinda, ikashuka tena mto mwingine, hata zile kilomita 70 za ramani zikawa zaidi ya 100 za magurudumu. Kabla ya kutiwa lami kati ya mto Thuci na Nkubu katika miaka ya 1980, magari mengi yaliyotoka Nairobi kwenda Meru yaliona heri kuuzunguka mlima kwa upande wa pili, kupitia Nanyuki na Timau.

Kwa msafiri wa kawaida tofauti hiyo ya rula na magurudumu ni uchovu tu. Mwalimu akichelewa kufika Chuka, atafundisha kesho. Gunia la mahindi likilala Runyenjes usiku mmoja, litaamka mahindi vile vile. Lakini uko mzigo mmoja upitao katika barabara hiyo kila siku ambao kwake saa moja ni fedha na siku mbili ni mauti. Mzigo huo ni miraa.

Miraa hupandwa hasa katika milima ya Nyambene, kaskazini-mashariki ya mji wa Meru, katika nchi ya Waigembe na Watigania: Maua, Kangeta, Laare, Mutuati na vijiji vilivyo kati yake. Wenyeji wanajua miti yao kama mfugaji ajuavyo ng'ombe zake. Iko miti ya zamani sana, iitwayo mbaine, iliyopandwa na mababu, na machipukizi yake hupata bei ya juu kuliko ya miti michanga. Jani hili lina heshima yake katika mila pia. Kibunda cha miraa hupelekwa nyumbani kwa wazazi wa msichana katika mambo ya posa, na wazee hupewa katika mabaraza. Hayo yalikuwapo kabla ya ndege ya kwanza kupita juu ya Meru.

Wataalamu wameeleza kwa nini mzigo huu una haraka. Ndani ya chipukizi bichi mna dawa iitwayo kathinoni, ambayo ilitengwa na kutambuliwa mwaka 1975, nayo ndiyo imchangamshayo mtafunaji. Chipukizi likianza kukauka, kathinoni hubadilika kuwa kitu kingine kilicho dhaifu zaidi. Kwa kawaida husemwa kwamba baada ya saa 48 miraa haina thamani tena, ingawa macho bado yaiona ni ya kijani. Hakuna barafu katika magari yaichukuayo. Dawa ya kuhifadhi ni jani la mgomba: vibunda hufungwa kwa ustadi ndani yake ili unyevu usipotee, na mtu wa Maua aweza kukuambia kwa kulishika jani hilo la nje kama mzigo ulifungwa asubuhi ya leo au ya jana.

Basi mkulima wa Nyambene ana saa 48 tangu kidole kinapovunja chipukizi. Katika saa hizo mali yake lazima ichumwe, ichaguliwe, ifungwe, inunuliwe, ipakiwe, isafirishwe, ikaguliwe, ipakiwe tena, iruke, itue, igawanywe, iuzwe, na hatimaye itafunwe. Ye yote aliyepata kukaa ofisini na kuona jinsi barua moja inavyoweza kukaa siku tatu juu ya meza ikingoja muhuri, atastaajabu kwamba jambo hili lawezekana hata mara moja. Nalo limekuwa likitendeka kwa miaka mingi.

Hesabu ya siku moja yaweza kufanywa hivi. Wachumaji hupanda mitini alfajiri, tuseme saa 12 asubuhi. Kufikia saa sita mchana vibunda vimo katika magunia, na gari laondoka Maua. Ni gari dogo la wazi nyuma, lenye injini ya nguvu, lililoshindiliwa mpaka chemchemi zake zimelala. Kutoka Maua mpaka Nairobi ni zaidi ya kilomita 250 kwa barabara. Dereva wa kawaida angetaka saa sita au zaidi. Dereva wa miraa hutaka nne au tano. Jioni mzigo umefika Nairobi, na sehemu kubwa huingia Eastleigh, ambako wafanya biashara wa Kisomali na Wameru huugawa: huu wa mjini, huu wa ndege. Usiku hukaguliwa na kupimwa uzito. Ndege ikiruka saa 11 alfajiri, yatua Mogadishu saa moja asubuhi na dakika kidogo. Tangu mti hadi uwanja wa Mogadishu zimepita saa 25. Katika hizo, hewani zilikuwa mbili tu.

Hizo mbili zaweza kuthibitishwa na kila mtu ajuaye kugawanya. Kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, mpaka Mogadishu kwa msitari ulionyooka ni kilomita 1,000 na kidogo zaidi. Ndege za mapanga mawili zilizotumika sana kwa kazi hii, kama zile Fokker 50 zilizotengenezwa Uholanzi, huenda karibu kilomita 500 kwa saa zikiwa juu. Elfu moja ukigawanya kwa mia tano ni mbili, kisha ongeza dakika za kupanda na kushuka. Saa za Kenya na za Somalia ni sawa, kwa hiyo hakuna cha kuongeza wala kupunguza. Ile safari ambayo mtu wa kale angeihesabu kwa majuma, kwa ngamia na kwa jahazi, imekuwa fupi kuliko safari ya basi kutoka Embu mpaka Meru na kurudi.

Kuna jambo la kuchekesha katika ramani hiyo hiyo. Kutoka Maua kwenda Mogadishu moja kwa moja ni kilomita 840 au karibu na hapo, upande wa mashariki. Lakini jani huanza safari yake kwa kuipa Mogadishu kisogo. Lakwenda kusini-magharibi, lavuka msitari wa ikweta kati ya Meru na Nkubu, lapita Embu, lafika Nairobi. Halafu lapandishwa ndege, larudi kaskazini-mashariki likipita juu ya nchi ya Mwingi na kaskazini kidogo ya Garissa, na lavuka ikweta mara ya pili kabla ya kufika. Yaani limevuka ikweta mara mbili kwa siku moja ili lifike mahali palipokuwa mbele yake tangu asubuhi.

Kwa hiyo sehemu ndefu ya safari, na iliyo ngumu, ni barabara. Aijuaye nchi ya mashariki ya Mlima Kenya aijua kwa mito yake. Kutoka Meru mtu avuka Kathita na Thingithu, akapita Nkubu na Igoji, kisha Chogoria, ambako hospitali ya misheni ya Waskoti ilianzishwa na Dr. Archibald Irvine mwaka 1922. Kila mto umechimba bonde lake, na kila bonde laitaka barabara iiname na kuinuka. Upande wa juu kuna chai na kahawa. Upande wa chini nchi yateremka kuelekea Tharaka, ambako ni joto na mtama. Mandhari ni nzuri sana, na abiria wa basi wenye bahati ya kukaa dirishani huona maporomoko na mashamba yaliyopangwa kama ngazi. Dereva wa miraa haoni kitu hicho. Yeye aona kona inayofuata.

Baina ya Chogoria na Chuka kuna daraja la mto Nithi. Barabara hushuka kwa muda mrefu, ikapinda, na daraja limo chini kabisa, ambapo gari zito limekwisha pata kasi na breki zimekwisha pata joto. Watu wa nchi ile hawalitaji daraja hilo bila kunyamaza kidogo. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka upande wa Meru kwenda Mombasa lilitumbukia bondeni hapo, na watu zaidi ya 30 walikufa. Halikuwa gari la miraa. Lilikuwa na abiria, wanawake na wanaume waliokuwa wakienda kwa shughuli zao. Lakini bonde ni lile lile wanaloteremka madereva wa miraa kila alasiri, kwa mwendo ambao askari wa barabarani wameukemea mwaka hata mwaka. Watu wakaao kando ya barabara, watoto watokao shule na akina mama wenye mizigo ya kuni, wamejifunza kusimama wanaposikia injini ya gari hilo toka mbali. Haifai kusema kwamba dereva huyu ni mwovu. Analipwa kwa kufika. Akichelewa ndege, mzigo wa jasho la watu mia umekuwa takataka, na kesho gari litapewa mwingine. Hata hivyo mtoto aliyegongwa Chuka hakununua wala hakuuza miraa.

Baada ya mto Thuci, ambao ni mpaka, mtu aingia Embu: Runyenjes, kisha mji wenyewe juu ya mto Rupingazi, kisha barabara yashuka katika tambarare ya Mwea yenye mashamba ya mpunga. Hapo dereva hupumua. Kutoka Makutano mpaka Thika na Nairobi njia ni pana, na kilichobaki ni foleni za motakaa za mjini, ambazo hazimjui mtu wala jani.

Uwanja wa Wilson ulianza mwaka 1929, wakati Bibi Florence Kerr Wilson alipoanzisha shirika lake la ndege Nairobi, ingawa jina hilo la Wilson uwanja ulipewa mwaka 1962. Uwanja mkubwa wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958. Wazee wa Meru na Embu wanaukumbuka kwa sababu nyingine. Ulijengwa kwa kazi ya watu waliofungwa wakati wa Hali ya Hatari, iliyowapata hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru, waliochimba na kusawazisha ardhi kwa majembe na karai. Mwaka 1978 uwanja huo ulipewa jina la Jomo Kenyatta. Miraa imepita katika viwanja vyote viwili.

Nayo hewa ina hatari zake. Tarehe 2 Julai 2014, kabla ya mapambazuko, Fokker 50 iliyojaa miraa iliruka kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta kwenda Mogadishu, na dakika chache baadaye ikaanguka juu ya jengo katika mtaa wa Utawala. Watu wanne waliokuwa ndani yake walikufa wote. Asubuhi ile vibunda vya kijani vilionekana vimetapakaa kati ya mabati na moshi. Na hata upande wa pili wa safari, kwa miaka mingi, kutua lilikuwa jambo la moyo mgumu. Uwanja mkuu wa Mogadishu ulifungwa tangu mwaka 1995 mpaka 2006 kwa sababu ya vita, na ndege zikatua katika viwanja vidogo vya vumbi nje ya mji, kimojawapo kikiitwa K50 kwa kuwa ki kilomita 50 kutoka mjini. Serikali haikuwapo, benki haikuwapo, posta haikuwapo, lakini miraa ilifika.

Labda msomaji atauliza: ikiwa saa 48 ndizo mpaka, je, ndege yaweza kulipeleka jani hili mbali kiasi gani? Jibu lilipatikana zamani. Kutoka Nairobi mpaka London ni kilomita 6,800 na zaidi, na ndege kubwa huruka saa nane na nusu au tisa. Ikiondoka Nairobi saa tano usiku, yafika wakati saa za Nairobi ni mbili asubuhi. Lakini saa za Uingereza ziko nyuma kwa saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa joto, hivyo kule bado ni alfajiri. Jani lililochumwa Mutuati Jumatatu asubuhi laweza kuuzwa London Jumanne asubuhi, na bado limebakiwa na karibu nusu ya maisha yake. Kwa miaka mingi lilifanya hivyo, likiwafikia Wasomali na Wayemeni wa Uingereza, na wengine Uholanzi kupitia uwanja wa Schiphol. Nyumba za mawe zilijengwa Igembe na watoto wakapelekwa shule kwa fedha hizo.

Kisha umbali ukabadilika bila ramani kubadilika. Uholanzi ilipiga miraa marufuku mwezi Januari 2013. Katika mwezi ule ule, baraza la wataalamu la Uingereza lilishauri kwamba haikufaa kuipiga marufuku. Lakini Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati ule, Bibi Theresa May, alitangaza mwezi Julai 2013 kwamba itapigwa marufuku, na sheria ikaanza tarehe 24 Juni 2014. Siku ile London ikawa mbali na Maua kuliko mwezi. Ndege zaendelea kuruka saa zile zile tisa kila usiku, na mboga za Kenya zimo ndani, na maua ya waridi yamo. Miraa haimo.

Haya si mambo mageni. Karibu na mwaka 1950 ndege za Ethiopia zilianza kuchukua jani la namna hii hii kutoka Dire Dawa mpaka Aden, mwendo wa karibu kilomita 500 tu, na watu wa Aden wakazoea kulipata likiwa bichi siku ile ile. Mwaka 1957 serikali ya Aden ililipiga marufuku. Mwaka uliofuata marufuku ikaondolewa. Katika Kenya yenyewe, katika miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilijaribu kuizuia miraa isiingie Isiolo na wilaya za kaskazini, na ikaona taabu kubwa, kwa kuwa askari alikuwa na kilomita nyingi za kulinda na mchuuzi alihitaji njia moja tu.

Baada ya London kufungwa, Nyambene iliitegemea Mogadishu kwa karibu kila kitu. Na mwenye mnunuzi mmoja hulala usingizi wa sungura. Mwezi Septemba 2016 Somalia ilizuia ndege za miraa ghafula, na ikaziruhusu tena baada ya juma moja hivi. Juma moja ni siku saba, na jani laishi siku mbili. Kisha, mwezi Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, Somalia ilisimamisha ndege hizo tena. Safari hii hapakuwa na juma moja. Kabla ya hapo ilitajwa kwamba tani zipatazo 50 zilikuwa zikienda Somalia kila siku. Mwezi Desemba 2020 serikali ya Somalia ikavunja uhusiano na ya Kenya. Mwezi Mei 2021 ukarudishwa. Lakini ndege za miraa hazikurudi pamoja na mabalozi.

Yafaa kufikiri jinsi ilivyokuwa kwa mkulima. Mahindi yasiyonunuliwa huwekwa ghalani. Kahawa huwekwa kiwandani. Miti ya miraa haingoji waziri; huchipua, na machipukizi yasipochumwa hukomaa yakawa majani magumu yasiyotafunwa na mtu. Mkulima aliyang'oa mahindi yake zamani ili apande miraa, kwa kuwa ekari moja ya miraa ilimlisha kuliko ekari tatu za mahindi, sasa alisimama chini ya mti uliojaa mali isiyo na mlango wa kutokea. Karo za shule zilisimama. Wachumaji, ambao wengi ni vijana waliouacha ubao wa darasa kwa ajili ya fedha ya kila siku, walikaa sokoni mchana. Wengine walianza kupanda parachichi na makadamia, na hapana shaka walifanya vema. Lakini mparachichi hutaka miaka michache kabla ya kuzaa, na tumbo hutaka chakula jioni ile ile. Huko Somalia, jani la Habasha lilipata nafasi.

Mwezi Juni 2022 Rais mpya wa Somalia, Bwana Hassan Sheikh Mohamud, alitawazwa, na Rais wa Kenya alikuwapo. Makubaliano yakatangazwa, na mwezi Julai ndege za kwanza zikaruka. Ulikuwa mwezi ule ule wa msiba wa Nithi. Maua watu walicheza barabarani, na siku chache baada ya furaha hiyo, au siku hizo hizo, maiti zilikuwa zikitambuliwa Chuka na Meru.

Sasa jambo moja lastahili kuangaliwa kwa makini, nalo ni uwanja wa ndege wa Isiolo. Uwanja huo ulipanuliwa na kufunguliwa mwaka 2017, na sehemu yake imo katika ardhi ya Meru. Wakulima waliambiwa kwamba miraa yao itaruka kutoka hapo. Ukiweka rula, sababu ni dhahiri. Kutoka Maua mpaka uwanjani ni safari ya kilomita zipatazo 100 badala ya zaidi ya 250. Na kutoka Isiolo mpaka Mogadishu kwa hewa ni karibu kilomita 880, yaani pungufu ya safari ya Wilson kwa zaidi ya 100. Jani lingeweza kuchumwa alfajiri na kufika Mogadishu siku ile ile. Hakuna Nithi. Hakuna kona za Chuka. Dereva angekuwa nyumbani kwa chakula cha jioni.

Hata hivyo, miaka ilipita baada ya kufunguliwa na mizigo ikaendelea kuteremka Nairobi. Neno lililotajwa sana ni kwamba njia ya kurukia ya Isiolo, yenye kilomita 1.4, ni fupi mno kwa ndege za mizigo. Kwa ndege kubwa ni kweli. Isiolo kuna joto, na hewa yenye joto ni nyepesi, na ndege iliyojaa huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Lakini njia za Wilson hazizidi sana kilomita moja na nusu, na Wilson iko juu zaidi kuliko Isiolo, na ndege za miraa zimeruka kutoka huko kwa miaka mingi. Basi urefu wa lami peke yake hauwezi kuwa jibu lote. Ni afadhali kutazama Eastleigh. Mnunuzi yuko Nairobi. Fedha zake ziko Nairobi. Mafundi wa ndege, mafuta kwa bei nzuri, maghala na maofisa wa forodha wako Nairobi. Na sehemu ya mzigo huliwa Nairobi yenyewe, kwa hiyo gari litakwenda huko hata kama ndege ingengoja Isiolo. Uwanja hujengwa kwa kokoto na saruji katika miaka michache. Soko hujengwa kwa kuaminiana kwa watu, na halihami kwa sababu utepe umekatwa.

Watu wa Embu wana jani lao, nalo halikungoja ndege. Katika nchi ya Mbeere, upande wa Kiritiri na Siakago, ambako mvua ni haba na mahindi hukatisha tamaa, hupandwa muguka. Ni ndugu wa miraa, lakini huliwa majani laini badala ya ngozi ya kijiti, na bei yake ni ndogo, hata kijana asiye na kazi aweza kuununua. Soko lake kubwa ni pwani. Kutoka Embu mpaka Mombasa kwa ndege ingekuwa kilomita 460 hivi, chini ya saa moja. Kwa barabara ni karibu 600, na muguka husafiri usiku kucha katika magari yanayofanana sana na yale ya Maua.

Mwezi Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi, zikifuatwa na Taita Taveta, ziliupiga marufuku, zikisema kwamba vijana wao wanaharibika. Wazazi wa pwani wanaolalamika hivyo hawasemi uongo. Mwenye macho aweza kwenda vijiweni akaone. Wazazi wa Mbeere nao walijibu kwamba hawana zao lingine linaloota katika mawe yale, na kwamba sheria ya nchi imelitambua. Rais William Ruto alisema marufuku hizo hazina nguvu mbele ya sheria ya nchi nzima, na Mahakama Kuu iliyo Embu ikazisimamisha kwa muda. Kwa siku kadhaa magari yalisimama katikati ya njia, madereva wakiwa na simu masikioni, wakiuliza kama Mombasa ipo au haipo. Hapakuwa na mpaka wa nchi mbili hapo, wala pasipoti, wala bahari ya kuruka.

Siku ya kawaida, ikifika saa nne usiku, vizazi hivi viwili vya jani hukutana karibu na Makutano ya Mwea bila kusalimiana. Gari la Kiritiri limewasha taa likielekea kusini. Gari la Maua, ambalo liliacha mzigo wake Eastleigh jioni, larudi kaskazini likiwa tupu, magunia yamekunjwa nyuma na majani machache ya mgomba yaliyokauka yakipeperuka juu ya lami. Dereva wake aenda polepole sasa. Atafika Maua kabla ya alfajiri, alale kidogo, na wachumaji watakuwa wamekwisha panda mitini.